Mpaka Uliopita Jikoni kwa Elinaza

Jirani yangu Elinaza alikuja asubuhi na jembe begani, hana raha. Mkwewe alikuwa analeta ng'ombe kesho yake kutoka Oldonyo Sambu, na banda bado. Mbuzi walishamaliza mimea ya masale tuliyopanda kuonyesha mpaka wetu. Yalibaki mawili tu, moja kila mwisho, na katikati migomba imesongamana, huwezi kunyoosha kamba.

"Nimechimba shimo moja la nguzo," akasema. "Kama nimeingia kwako, Mama Joel, nalifukia."

Mjukuu wangu Ndeshi, aliye kidato cha tatu, akasema masale mawili yanatosha. Tuhesabu hatua kutoka bombani, ngapi kuelekea Moshi na ngapi kuelekea mlimani, naye atapata mlinganyo wa mstari.

Mimi nikahesabu za kuelekea Moshi kwa masale yote mawili. Elinaza, anayewapita urefu wanaume wa kwaya, akahesabu za kuelekea mlimani. Ndeshi akakokotoa, akatembea, akasimama mlangoni mwa jiko la Elinaza.

"Mpaka unapita hapa."

"Basi hiyo sufuria ya makande ni yangu," nikasema.

"Njoo uichukue na moshi wake."

Tulicheka mpaka Elinaza akakaa chini. Ndeshi ndiye aliyetazama miguu yetu: hatua moja ya Elinaza ni zangu mbili.

Tukarudia kwa miguu ya Ndeshi peke yake. Sale la chini, mbili za Moshi, tatu za mlimani. La juu, kumi na mbili kwa ishirini na tatu.

"Umesogea kumi, umepanda ishirini," akanieleza polepole, bila kunichoka. "Kwa hiyo Bibi, chukua hatua za Moshi mara mbili, utoe moja. Unapata za mlimani."

Shimo lilikuwa kumi na tatu za mlimani. Hapo mpaka ni saba za Moshi. Shimo lilikuwa kwenye ya nane, hatua nzima ndani kwa Elinaza.

"Nilikuachia kidogo," Elinaza akasema, akiangalia jembe. "Migomba yako ipate hewa."

Nikamwambia asogeze banda hadi mpakani. Akakataa.

"Tupande sale jipya kwenye ya tisa," Ndeshi akasema. "Za mlimani zitakuwa..."

"Kumi na saba," nikasema, kabla hajashika kalamu.

Elinaza akanikamata mikono, tukazunguka kama wasichana waliotoka kipaimara. Halafu akachimba shimo la pili la banda.