Jina Langu Lilipotakiwa Shimoni

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa kwenye kikao cha malengo ya mwaka ya familia, na kikao kilikuwa jikoni kwangu.

Nieleze kwanza yale ambayo si ndoto. Mimi ni mtaalamu wa udongo, nina maabara ndogo pembezoni mwa mji wa Mbeya. Tangu tulipooana, mimi na mume wangu Ambwene tulikuwa na desturi ya kukaa mezani kila mwisho wa mwaka na kupanga malengo: tupunguze nini, tupande nini, twende wapi ambako hatujawahi kufika. Yeye alipenda safari. Mimi nilipenda malengo yanayopimika. Ambwene alifariki mwaka juzi. Binti yetu, Sekela, ni nesi Mtwara, upande wa pili wa nchi. Jana, kwa mara ya kwanza tangu afariki, nilikaa mezani peke yangu, nikashindwa kuamua kama niandike "tutafanya" au "nitafanya", nikaenda kulala.

Mwenyekiti wa kikao alikuwa Ndoo ya Maganda. Hakuna aliyepinga, kwa kuwa ndiye aliyeshinda jikoni muda mrefu kuliko wote. Katibu alikuwa Kikaango.

"Akidi imetimia?" aliuliza Ndoo.

"Imetimia," alisema Kikaango, "tukimhesabu na Daktari."

"Tumhesabu. Karibu ukae, Daktari."

Nikakaa. Kila mtu huniita Daktari, kwa ajili ya shahada yangu ya udongo: kazini, dukani, kanisani, hata kijana wa maziwa. Sikuona ajabu vyombo navyo kuniita hivyo.

Malengo ya miaka iliyopita yamepanga mstari kutoka mlangoni hadi kwenye sinki. Lengo la Kuvuna Maji ya Mvua limelowa na linachuruzika sakafuni. Lengo la Kupunguza Plastiki limepungua mpaka naiona bawaba ya mlango kupitia tumbo lake. Lengo la Kubana Umeme linazungumza nusu ya sentensi, kisha linajizima.

"Habari za..." linaniambia.

"Nzuri," nasema.

Linaonekana kuridhika.

Ndoo akasoma kanuni ya kwanza ya familia: kisichotumika mwaka mzima kirudi ardhini. Kanuni hiyo tuliitunga mimi na Ambwene siku tulipochimba shimo la mboji uani. Nilisema kwamba tulikusudia maganda, majani na nguo kuukuu za pamba.

"Imeandikwa 'nguo'?" aliuliza Ndoo.

"Hapana."

"Imeandikwa nini?"

"Kisichotumika."

"Basi tuendelee."

Ningekuwa mimi mwenyekiti, ningeamua vivyo hivyo.

Viti viwili vilisimama, vikaaga, vikatoka uani kwenda shimoni. Buti za Ambwene zikafuata, ya kushoto ikiwa mbele. Kisha kitanda changu kikaletwa, Kikaango akakikagua, akakuta upande mmoja haujalaliwa, ukakatwa kwa msumeno. Kazi ilikuwa safi, bila vibanzi. Niliuliza mto wa katikati uko upande gani. Walisema suala hilo litaundiwa kamati.

"Jambo la mwisho," alisema Ndoo. "Jina."

"Jina la nani?"

"Lako. Mama Sekela."

Akalitoa na kuliweka mezani. Lilikuwa na ukubwa wa kiazi cha kuchemsha, rangi ya chai ya maziwa, na upande mmoja limelainika kama kitu kilichoshikwa miaka mingi.

"Mara ya mwisho limetumika lini?"

"Mume wangu ndiye aliyekuwa akiniita hivyo," nilisema. "Alikuwa anaingia mlangoni na kuniita kabla hajavua kofia."

"Aje athibitishe."

"Amefariki."

"Pole sana, Daktari. Lini?"

"Mwaka juzi, masika."

"Basi limepitiliza."

Mwiko, aliyeegemea sufuria, akacheka puani. "Kwani si analo jingine? Daktari, Daktari, asubuhi mpaka jioni. Wenzake tuna jina moja, na hilo hilo watoto wakilisikia wanakimbia."

"Nyamaza, Mwiko," alisema Kikaango. "Lakini amesema kweli."

Hapo ndipo niliposema ninalitaka. Sikusema kwa nini. Kikaango aliuliza niandike sababu gani, nikamwambia aache wazi.

Ndoo alikubali nilete shahidi aliye hai. Nikampigia Sekela. Simu ilikuwa kitunguu, lakini ilishika mtandao vizuri.

"Mama, umekula?"

"Nimekula. Sekela, wewe huwa unaniitaje?"

"Mama."

"Mama nani?"

"Mama. Mama tupu. Kuna nini huko? Mbona kama upo mkutanoni?"

"Nipo mkutanoni."

"Na nani?"

"Na Ndoo."

Nilisikia viatu vya watu wakipita kwenye korido ya kwao. "Haya, Mama. Nimeitwa wodini. Nitakupigia."

Simu ikakatika, ikabaki harufu ya kitunguu. Ndoo akaeleza, kwa upole, kwamba "Mama" ni chombo kingine, kimesajiliwa peke yake, na hakina tatizo lolote. Hakuna mtoto anayemwita mama yake kwa jina la mtoto mwenyewe. Nilikiri kuwa huo ni ukweli.

"Naomba jambo moja la kitaalamu," nilisema. "Huwezi kuozesha kitu bila kujua unyevu wake."

Ndoo anaijua mboji. Hawezi kubisha hilo.

Nalichukua jina, nakwenda nalo maabara, ambayo iko ndani ya kabati la vikombe. Nafungua oveni ya kukaushia udongo. Ndani ya oveni kuna njia ya kupanda hadi Ziwa Ngozi, lililo ndani ya kasoko juu ya mlima: migomba pori, utelezi, mizizi inayokatiza kama ngazi mbovu. Nalitia jina mfukoni na kuanza kupanda. Nilipolishika lilikuwa na joto la mwili. Sikuwa na kipimajoto, kwa hiyo hilo ni kadirio.

Juu, kwenye ukingo wa ziwa, alikuwa amekaa mwanamume mwenye koti la mvua na mahindi ya kande kwenye ndevu. Nilimtambua. Alikuwa Lengo la Kulala Hemani Ngozi. Tulimweka kila mwaka na kila mwaka tukamsogeza mbele: mara mvua, mara mitihani ya Sekela, mara gari.

"Mmefika," alisema.

"Nimefika."

Aliangalia nyuma yangu. "Niliambiwa watatu. Nimepika kwa watatu."

"Tumepungua."

"Hakuna aliyeniletea taarifa. Nimekuwa nikipasha moto kila jioni." Akafunua sufuria. "Sasa chakula kimezidi, na mnajua msimamo wa familia kuhusu kumwaga chakula."

Najua. Niliuandika mimi. Nikala sahani yangu, kisha sahani ya Sekela, kisha sahani ya Ambwene, ambayo ilikuwa na pilipili. Nilipomaliza, mwenye koti akaniuliza kama ya tatu ilikuwa imekolea chumvi. Nilisema imekolea.

Hema alikuwa pembeni, bado kwenye mfuko wake. "Huku nje kukoje?" aliuliza.

"Kuna ukungu upande wa kaskazini," nilisema. "Ziwa liko chini, la kijani."

"Endelea."

Nilimweleza miti, umbali, mwelekeo wa upepo. Alisema inatosha, na kwamba alidhani pangekuwa na kelele za watu.

Ndoo na Kikaango walitokea kwenye njia, wamechoka, wamechafuka matope. Mwiko alikuwa amebebwa.

"Daktari, unyevu ni kiasi gani?"

"Sijapima."

"Basi tumalizie hapa. Nani amelitumia jina hili?"

Lengo la Ngozi akasimama. "Mimi naweza kumwita. Nilikuwepo Ambwene alipomwambia, 'Mama Sekela, andika na la Ngozi.'"

"Wewe ni mali ya familia," alisema Ndoo. "Mali haimtumikii mwenye mali kama shahidi. Na yeye mwenyewe akijiita haihesabiki. Kijiko hakijilishi."

"Msemo mzuri," alisema Mwiko.

Niliangalia ng'ambo. Upande wa pili wa ziwa ukuta wa mlima ulikuwa umesimama wima, mweusi kwa miti.

"Ukuta ule ni mali yangu?" niliuliza.

Kikaango akapekua kumbukumbu. "Hapana. Ule ni msitu wa hifadhi. Ni wa Serikali."

"Una uhusiano wowote na familia yangu?"

"Hauna."

"Ukitamka jina, utakuwa umelitumia?"

Walinong'ona muda mrefu. Ndoo alisema hakuna kanuni inayokataza, ila kama ukuta hautasema kitu, jina linateremka shimoni jioni hiyo hiyo na sitakata rufaa. Nilikubali. Nikalitoa mfukoni, nikalishika kwa mikono miwili, nikavuta pumzi na kuita.

"Mama Sekela."

Sauti ikatoka, ikapita juu ya maji. Hakuna kitu. Majani yanadondosha umande. Ndoo anakohoa, tayari kutamka uamuzi.

"Subiri," nasema. "Sauti ina mwendo wake. Ziwa ni pana."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ifike, igonge, irudi. Huwezi kuiharakisha."

Tunasubiri. Hema ametoa ncha moja ya turubai nje ya mfuko ili asikie vizuri. Nagundua kwamba sina mpango wowote wa pili. Katika kazi yangu hilo halijawahi kutokea.

Kisha ukuta ukaita. Mama Sekela. Jina lilirudi zima, maneno yote mawili, na lilirudi kwa sauti nzito kuliko niliyoituma. Hilo si kawaida. Mwangwi hupoteza, hauongezi kitu.

Jina lilinitoka mikononi na sikuliona lilikokwenda, ila nilihisi limenikaa.

"Limetumika," alisema Ndoo. "Aliyelitumia si mwenye jina, wala si mali yake. Libaki."

"Kwa muda gani?" aliuliza Kikaango, kalamu mkononi.

"Mwaka mmoja. Mwakani tutauliza tena."

Nikaamka. Koo lilikuwa limekauka na kukwaruza. Kulikuwa kumekucha. Nilikunywa maji, nikatoka uani kuangalia shimo la mboji. Lilikuwa kama nilivyoliacha.

Upande wa pili wa uzio, mpangaji aliyehamia wiki hii alikuwa anaanika nguo. Anaitwa Subilaga, anafundisha chekechea. Tulikuwa hatujazungumza zaidi ya salamu, na sikuwa nimemweleza habari zangu.

"Shikamoo, Mama Sekela," alisema.

"Marahaba. Jina hilo umelipata wapi?"

"Si ulikuwa unaitwa usiku." Alibana shati kwenye kamba. "Wa kwanza nilidhani ni wewe mwenyewe, unaota. Kwetu bibi yangu naye ni hivyo, anaota mpaka anagombana. Halafu wa pili akaita."

"Wa pili yupi?"

"Mwanamume. Kwa mbali, kama yuko bondeni. Nikajua umepata wageni, nikalala. Nimekosea? Nikuite nani?"

"Hujakosea. Kati ya wa kwanza na wa pili palipita muda gani?"

Alinitazama kama watu wanavyonitazama ninapouliza vipimo, lakini alifikiri kweli. "Kama wa kumimina chai na kukoroga sukari. Nilishaanza kusinzia tena."

Nilimshukuru. Nikapiga hesabu pale pale, kwa kichwa. Sauti inayochelewa hivyo inahitaji ukuta mkubwa, wa wima, ng'ambo ya uwazi mpana. Nilizunguka nyuma ya nyumba kuangalia. Kuna shamba la viazi, tambarare hadi barabarani, na hapana kitu chochote cha kurudisha sauti.