Hewa Aliyoiacha Twiga

Aliyesikia la mkuu ndiye aliyevunjika guu. Alilisikia vizuri, akaitikia, “Sawa, bosi,” akavuta wenzo wa kreni, na guu lilikuwa dogo kati ya vyote vilivyovunjika siku hiyo.

Dada yake alikuwa fundi wa modeli katika ofisi ya wasanifu majengo. Kazi yake ilikuwa kuunda, kwa kadibodi na plastiki, majengo ambayo bado hayajajengwa: ghorofa za kukaa mezani, miti ya sponji, watu wasio na nyuso wanaokwenda wasikokujua. Jumamosi moja alifagia jikoni, akatandaza magazeti juu ya meza ya kulia, akaivuta kompresa kutoka kona ya friji. Ilikuwa kompresa ya kawaida ya nyumbani, nyekundu, yenye tangi mfano wa mtungi wa gesi na magurudumu mawili, moja bovu. Aliyeinunua ni mdogo wake. Mtaa mzima ulimwita Twiga, kwa urefu wake na kwa kuwa kazi yake ilikuwa huko juu. Aliitaka kwa ajili ya kujaza tairi za pikipiki yake, na za kila jirani mwenye maneno matamu.

Asubuhi ile ya mwisho aliiwasha, ikanguruma mpaka vikombe vikacheza kabatini.

“Wewe, utatubomolea nyumba!” mama yake alipiga kelele.

“Mama, mimi najenga, sibomoi.”

Akajaza tairi la mbele, akachomoa waya ukutani, akaenda kazini. Mchana kreni ikaanguka naye.

Kampuni ya ujenzi ilitangaza kwamba alikuwa amelewa. Twiga hakuwahi kunywa. Pombe ilimpigisha chafya hata aliponusa tu, na kwenye sherehe alikaa karibu na soda kama mlinzi. Lakini marehemu hajitetei, na hakuna bangusilo mzuri wa kubebeshwa lawama kama aliyekwisha kuzikwa. Watu waliokuja msibani walisema pole huku wakiangalia viatu vyao. Mama hakudai kitu ila kimoja: atokee mtu, hata mmoja, aseme kwa sauti kwamba mwanawe alipanda akiwa timamu. Hakutokea.

Kwa hiyo dada aliunda ile kreni. Jengo alilokuwa akilijenga Twiga lilisanifiwa ofisini kwao, na michoro ilikuwepo. Aliiunda kwa kipimo cha moja kwa hamsini, na haikukosa ngazi wala bolti. Pale shingoni, mkono wa kreni unapokutana na mnara, alitia pini ya shaba, akaibana kwa gundi. Ikabaki rangi.

Kompresa zote huvuja. Ukiijaza mwanzo wa wiki, wiki haijaisha sindano ya geji ya presha imeshalala. Hii haikuvuja. Tangu asubuhi ile hakuna aliyeigusa, na sindano ilikuwa palepale Twiga alipoiacha. Dada aliitazama geji, akaelewa kwamba hewa iliyomo tangini ni ya siku ile. Hakuichomeka kwenye umeme, kwa sababu presha ikishuka mota ingejiwasha na kuichanganya na hewa ya leo. Alifunga chujio la kukamata maji, akapunguza presha mpaka ikawa pumzi ya mtu anayepoza chai, maana bunduki ya rangi iliyo ndogo kama kalamu haitaki nguvu ya tairi. Akabonyeza.

Kwanza ilitoka harufu ya sabuni ambayo Twiga alinyolea ndevu. Kisha ukatoka mluzi wake, ule uliokosea palepale kila mara. Kisha ikatoka rangi ya njano, laini, bila tone hata moja.

Mama, aliyekuwa akimenya vitunguu, hakugeuka. “Mwambie asiondoke na njaa,” alisema.

Dada alipaka polepole, kwa ubahili, akiusikia mluzi ukififia. Hewa iliisha kabla hajafika ncha ya mkono wa kreni, na ncha ikabaki kijivu. Rangi ilipokauka, pini ya shaba haikuwepo. Mahali pake palikuwa na kipande cha waya wa kufungia nondo, kimesokotwa kwa koleo.

Jioni Twiga alikuja kazini. Alikuwa na urefu wa njiti ya kiberiti, kofia ngumu kichwani, chupa ya chai kwapani. Alipanda ngazi akianza na mguu wa kushoto, akapumzika katikati, akaendelea. Alipofika shingoni alisimama, akaugusa ule waya kwa kidole. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini kila neno lilisikika.

“Bosi, pini haipo huku. Kuna waya.”

Kutoka chini, karibu na chupa ya chumvi ambapo hapakuwa na mtu, sauti nyingine ikamjibu. “Nyanyua, bwana! Pini inakuja kesho.”

“Waya hautashika, bosi.”

“Unanyanyua au unashuka uende kwenu kabisa?”

Twiga alitazama chini kwa muda. “Sawa, bosi,” akasema, akaingia kibandani. Waya ukakatika. Mkono wa kreni ukajikunja, mnara ukaufuata, na vyote vikalala juu ya magazeti pamoja naye. Baada ya hapo akawa hayupo. Asubuhi kreni ilikuwa imesimama tena, na waya umesokotwa mahali pake.

Ikawa hivyo kila siku. Jirani wa ng'ambo ya barabara alikuja kuangalia, akasema tu, “Amekonda.” Wengine walisimama dirishani baada ya kazi, wakatazama mpaka mwisho, wakaenda kupika. Mama aliweka kiti chake upande wa ngazi. Siku ya pili alimwekea kifuniko cha soda chenye uji, lakini Twiga alikipita, kwani yeye alikuwa na mchana wake na wao walikuwa na jioni yao. Siku iliyofuata mama alitandika mto wake wa kulalia juu ya meza, kuizunguka kreni yote. Twiga aliangukia mto, na bado akafa.

Hapo dada alishindwa kuvumilia. Mama alipolala alikata ncha ya sindano ya kushonea, akaondoa waya, akaipenyeza sindano shingoni mwa kreni. Iliingia barabara. Jioni mama aliketi kwenye kiti chake. Kreni ilisimama imara, njano, nzuri kuliko zote alizowahi kuunda binti yake, na hakuna aliyeipanda. Mama alisubiri mpaka akawa hawezi tena kuiona ngazi kwa giza.

“Umefanya nini?” aliuliza.

“Nimetia pini.”

“Rudisha waya.”

“Mama, ataanguka.”

“Najua ataanguka,” mama alisema. “Lakini kwanza atapanda.”

Dada aliwasha taa, akatafuta koleo, akaurudisha waya kwa mkono wake mwenyewe. Kusokota waya ule kulimchukua muda mrefu kuliko kuunda kreni nzima.

Habari hupanda ngazi hata za ofisi. Wakaja watu wawili: afisa wa kampuni, aliyevaa shati lililonyooshwa mpaka likakata kama wembe, na msimamizi wa saiti. Mama aliwapa viti na chai. Twiga akaja, akapanda.

“Ndiye,” msimamizi alisema. “Mguu wa kushoto kwanza. Nilikuwa namtania, namwambia unapanda kama bibi harusi.”

Waliposikia ile sauti kando ya chupa ya chumvi, msimamizi aliweka kikombe chini.

“Sauti yangu si nyembamba hivyo.”

“Ni kipimo,” dada alimjibu. “Moja kwa hamsini.”

Kreni ikaanguka. Afisa alinyanyua kikombe chake kisigongwe, akakirudisha.

“Umesikia mwenyewe,” mama alimwambia msimamizi. “Basi sema, baba. Sema alikuwa mzima.”

“Mama, ripoti ilishasainiwa.”

“Sikuambii usaini. Nakuambia useme.”

Msimamizi alimtazama afisa, na afisa akatazama saa. “Mama, nina watoto,” msimamizi alisema mwishowe. “Na nimeshapewa saiti nyingine.”

“Huko pini zipo?” dada aliuliza.

“Huko tunatumia waya mnene.”

“Na huyo anayepanda, ana mama?”

“Sijamuuliza.”

Afisa akasafisha koo. Alisema kwamba kampuni inaheshimu msiba wa familia, inatambua kipaji, na kwamba Twiga alikuwa nguzo ya—

“Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa,” dada alimkatiza. “Kazi ya kupaka naijua. Mnataka nini?”

Walitaka mambo mawili. Rangi ya kreni ikwanguliwe mpaka plastiki ionekane, kisha ipakwe upya kwa kompresa nyingine, na hapo modeli itawekwa mapokezi, ndani ya kioo, na jina lake dada chini. Pili, aiombe kampuni radhi mbele ya majirani, kwa kuonyesha dirishani jambo ambalo haliko kwenye ripoti.

“Rangi hii haipakwi mara ya pili,” dada alisema. “Hewa yake imeisha.”

“Hewa ni hewa, dada yangu. Iko kila mahali.”

Mama alikuwa akiokota vipande vya kreni kutoka mezani, kimoja kimoja, akiviweka kwenye sahani. Hapakuwa na haja, maana asubuhi vingejiinua. Aliviokota hata hivyo, na kila kimoja alikipuliza kidogo kabla ya kukiweka.

“Bosi wako wa pale ofisini tumeshaongea naye,” afisa aliendelea kwa upole. “Usipoomba radhi, Jumatatu usijisumbue kwenda. Na mama yako atakula nini? Ni neno moja tu. Samahani. Hata sisi hatukuombi uliamini.”

“Dada, sema yaishe,” msimamizi alisema, akiangalia viatu vyake. “Mimi mwenyewe husema kila siku.”

Dada alikunja magazeti yenye madoa ya njano, akayasogeza kando.

“Mdogo wangu hakunywa,” alisema. “Siombi radhi.”

“Hata ya mdomo tu?” afisa aliuliza.

“Hata ya mdomo. Samahani sitoi.”