Mchanga wa Kuanikia Dagaa

Ufuko wa Kapalamsenga haukuzaliwa mweupe. Aliyeufanya mweupe ni mama yake Klementina, enzi hizo bado ana macho, yeye na wanawake wenzake, kwa fagio za michikichi na kuinama mpaka viuno vikagoma. Kila alfajiri walizoa majani, kinyesi cha viboko na maganda ya konokono, kisha wakaanika dagaa waliovuliwa usiku. Dagaa akipata mchanga safi na jua tupu, jioni anavunjika kama kijiti, na watu wa Mpimbwe wanambadilisha kwa mchele bila maneno mengi.

Mama alipopofuka, ufagio ukabaki kwa Klementina. Alikuwa mjane, na mchele huo wa kubadilishana ndio aliotumia kumpikia mama yake uji, maana bibi yule hakuwa tena na jino la kutafunia kingine.

Siku zile reli ilikuwa imeshafika Mpanda, na mgodi wa huko umejaa wazungu waliochoshwa na vumbi. Mpishi wao alikuwa Dionizi, mdogo wake Klementina, tumbo moja. Jumamosi moja akawaleta ziwani kwa gari, yeye mbele karibu na dereva, kifua kimemtoka kama bwana arusi. Akawaonyesha viboko mtoni, mwamba wa kurukia majini, na mahali pa kuvulia samaki aina ya kuhe kwa ndoana. Wakaogelea, wakalala juani mpaka migongo ikawa myekundu.

Memsabu mmoja akachota mchanga, akauacha umwagike vidoleni.

"Dionizi, nani nasafisha hapa?"

Klementina alikuwa amesimama palepale na ufagio wake. Alishaanza hata kutabasamu, akingoja kutajwa.

"Ziwa lenyewe, memsabu," Dionizi akajibu. "Linafagia usiku."

Hakumtazama dada yake. Aliona haya, basi. Yeye ana shati jeupe la kupewa, na dada yake ananuka dagaa. Haya ya kijinga kabisa, lakini mtu akishaanza kuwaonea haya watu wa kwao, hana tena asichoweza kukiuza.

Wageni wakanogewa, wakawa wanarudi. Haukupita muda Jumbe Melkior akawakusanya wanawake ufukoni.

"Wageni wanalalamika harufu," alisema. "Kuanzia leo mtaanika kule nyuma ya mawe. Nikikuta dagaa hapa, namwaga."

Klementina akamgeukia mdogo wake, aliyekuwa amesimama kando ya Jumbe, mbele ya watu. "Sema, Dionizi. Waambie nani anafagia hapa."

Neno moja tu lilitakiwa. Dionizi akakohoa, akaangalia viatu vyake.

"Dada, nyie si mnaweza kuanika popote? Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Wakapona kweli! Nyuma ya mawe kulikuwa na kivuli na unyevu, na dagaa walilainika na kutoa funza. Hilaria, mfanyabiashara wa Kasansa huko Mpimbwe aliyebadilishana na Klementina miaka yote, alinusa gunia mara moja tu, akajitwika mchele wake na kurudi alikotoka. Nyumbani bibi akaanza kumumunya ugali wa muhogo, tonge moja asubuhi nzima.

"Mbona sisikii fagio siku hizi?" aliuliza.

"Upepo, mama. Unapeleka sauti upande mwingine." Klementina alimdanganya.

Na ziwa? Ziwa halikufagia. Lilileta kila kitu na halikuondoa hata jani. Maganda yakajaa, matete yakasogea, viboko wakapanda na kujisaidia walipotaka. Yule memsabu aliyesifu mchanga akakanyaga ganda, akapasuka unyayo, na wenzake wakamuuliza Dionizi ziwa lake limepatwa na nini.

Ijumaa iliyofuata Dionizi alikuja kwa dada yake na sauti ya chini. "Dada, wanakuja kesho. Waite wenzako mfagie, hata kidogo tu."

"Tukishafagia, tunaanika?"

"Kuanika hapana. Jumbe hajaruhusu. Ni kufagia tu."

Klementina alihisi hasira imempanda mpaka masikioni. Akaingia ndani, akatoka na ufagio, akamkabidhi.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mdogo wangu."

Kesho yake asubuhi Dionizi akainama, na shati lake jeupe. Hakuwa amemaliza hata robo gari lilipofika. Memsabu, mguu umefungwa kitambaa, akamtazama kutoka dirishani, akacheka.

"Dionizi! Leo ziwa nachoka?"

Hawakushuka. Wakaelekea Karema, wala hawakurudi tena Kapalamsenga. Lakini amri ya Jumbe ilibaki palepale, kwa kuwa hakuna aliyekuja kuiondoa, na Melkior hakuwa mtu wa kutengua neno lake kwa ajili ya dagaa.

Dionizi aliendelea kufagia, sijui kwa aibu au kwa kukosa pa kwenda. Mlangoni kwake, bibi akainua kichwa.

"Nasikia ufagio. Nani yule?"

"Dionizi, mama."

Uso wa bibi ukachangamka, ufizi mtupu ukaonekana. "Mungu ambariki mwanangu. Anawafagilia dada zake waanike."

Klementina alikata tonge la muhogo, akalilainisha kwa mchuzi, akamwekea mama yake mkononi.