Mfereji wa Dhulipura

Ukitaka kuiona Dhulipura yote kwa mara moja, panda kilima chake, maana inacho kimoja tu. Kwingine kote nchi ni bapa kama chapati. Iko katika ule upande wa Hindi ambao wachora ramani waliufikia wakiwa wamechoka, wakaupaka rangi ya njano wakaenda zao kula. Mto uliokuwa ukiilisha ulihama zamani bila kuaga, ukaacha mchanga, chumvi, miarobaini michache na watu wasiojua kuhama. Na kile kilima, msije mkadhani kiliumbwa na Mungu siku moja na milima mingine. Ni mji juu ya mji. Wahindi wa kale, wa enzi ambazo hata vikongwe wa huko hawana hadithi zake, walijenga nyumba za matofali ya kuchoma, zikaanguka. Wakajenga juu yake, zikaanguka tena. Mpaka maanguko ya vizazi yakapanda juu na kupata upepo mzuri. Palipo na upepo mzuri, mwenye nguvu hakawii kufika.

Mwenye nguvu wa huko alikuwa Jemadari Udhamraj, aliyekuwa akitawala kwa mwaka wa kumi na tisa. Alijenga kasri kileleni, vyumba arobaini, sakafu ya marumaru, na hamamu ambamo alioga mara tatu kwa siku kwa sabuni ya waridi, katika nchi ambayo watu walinawa uso kwa kopo moja nyumba nzima. Vyeo alikuwa navyo vya kumtosha: Baba wa Mvua, ingawa haikunyesha, Mlinzi wa Mto, ingawa mto ulishakwenda, Kaka Mkubwa wa Wakulima, ambao nao walishaufuata mto. Mawaziri wake kumi na wawili walikuwa wakikubali jambo kabla halijasemwa. Kitu kimoja tu kilimkosesha usingizi, nacho ni ukoo. Babu yake alikuwa akikodisha ngamia sokoni, na kwa bahati mbaya wazee waliomkumbuka babu walikuwa hai bado, na waliomkumbuka yule ngamia aliyekuwa aking'ata walikuwa wengi zaidi.

Basi akataka mababu wengine. Akamwita Mtaalamu Vasudha, mwanamke mwembamba aliyesomea kufukua miji ya kale, akamwamuru achimbe mtelemko wa kilima mpaka alipate kasri la mfalme wa kwanza wa Dhulipura, ambaye, kwa mujibu wa Waziri wa Vya Kale, alikuwa babu yake Jemadari kwa upande wa baba. Vasudha akachimba miaka miwili. Kuchimba kwenyewe kulikuwa kwa kuudhi: alifuta vumbi kwa brashi ndogo kama anampaka mtu wanja, akachora, akaandika, na kila jioni akapeleka nakala ya michoro yake kwa Baraza la Magofu la Dunia, kama sheria za kazi yake zinavyotaka. Mwisho akapanda kasri kutoa habari.

"Kasri umelipata?" akauliza Jemadari.

"Hapana, Mtukufu. Kuna nyumba tu, na zote zinalingana. Kila moja ina bafu lake na mfereji wake wa maji machafu."

"Kiti cha enzi?"

"Hakuna."

"Basi nani alikuwa akitawala?"

"Hatujui, Mtukufu. Ila mifereji ilikuwa ikifanya kazi."

Jemadari aliitafuna sentensi hiyo akashindwa kuimeza. Mji bila mkubwa, na maji yanapita? Alihisi kama ametukanwa, lakini hakuweza kuonyesha tusi liko wapi. Ili kumtuliza, Vasudha akamtolea kitu kizuri alichokiokota: mdoli wa udongo, ng'ombe mdogo ambaye ukimvuta uzi wa shingoni anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Watoto wa kale walikuwa wakimchezea. Jemadari akauvuta uzi, akawatazama mawaziri wake, akauvuta tena. Hakuna aliyethubutu kucheka, na wawili watatu walikuwa wakitikisa vichwa pamoja na ng'ombe bila kujua.

Aliyeokoa jahazi ni Waziri Pitambar wa Vya Kale, mtu laini, mwenye mikono isiyojua jembe. Alisema kama ukoo haupatikani, sifa inapatikana. Lile Baraza la Magofu la Dunia hutoa kibao cha shaba kwa mtawala anayelinda urithi wa kale kupita wenzake, na wajumbe wake huja wenyewe kukigongomea ukutani. Kinachotakiwa ni sheria kali. Wakaitunga siku hiyohiyo: penye tofali la kale, mtu asikae, atakayeonekana na tofali la kale chini ya nyumba yake ana siku saba za kuondoka, awe nani awe nani, na ndani ya eneo hilo vitabaki vya kale peke yake. Lile neno "awe nani awe nani" Jemadari alilitia mwenyewe kwa kalamu yake, kwa sababu lilisikika vizuri. Akala kiapo, nakala ikapelekwa kwa Baraza, na Baraza likajibu kwamba wajumbe wanakuja baada ya wiki.

Pitambar hakuwaambia kwamba shemeji yake alishachora hoteli ya kujengwa mtelemkoni, humohumo ndani ya eneo, ili wageni wayaone magofu wakiwa kitandani. Alipoulizwa baadaye alisema hoteli si makazi, watu wanalala tu.

Kwenye huo mtelemko palikuwa na nyumba moja, ya Bi Kesarbai, mjane wa miaka sitini na kitu, fundi wa bangili za udongo. Vyumba viwili, ua, na tanuri ambalo mama yake alichomea bangili, na bibi yake kabla ya mama. Hakuna bibi harusi wa Dhulipura aliyeingia kwa mumewe bila bangili za Kesarbai mkononi. Udongo wake aliuchota shimoni nyuma ya ua, na ni udongo huo tu uliokubali moto. Wa kwingine kote una chumvi, ukiuchoma unapasuka. Pitambar alipomletea hati ya kuhama, ikiwa na ramani ya Makazi Mapya huko kwenye uwanda wa chumvi, alielewa mara moja kwamba hahamishwi nyumba, anakatwa mikono.

"Mheshimiwa, huko nitafinyanga nini?" akamuuliza.

"Mama, utapumzika. Umri wako huu."

"Nikichoka nitapumzika mwenyewe. Sijakutuma uje unichokee."

Pitambar akatabasamu, maana tabasamu halikuwa na gharama, akamweleza masharti. Chini ya jiko lake pameonekana mfereji wa matofali ya kale. Ana siku saba. Siku ya saba mjane mwenyewe ataipeleka hati kasri, na Jemadari ataitia sahihi mbele yake, kwa sababu Jemadari alipenda kushukuriwa ana kwa ana na watu anaowahamisha, na kalamu ile hakumwachia mtu. Bila sahihi hiyo hati si kitu. Akaondoka akikung'uta vumbi kwenye viatu.

Vasudha, aliyekuja naye, alibaki. Aliona haya, na haya ilimfanya azidi kuchunguza mfereji kuliko kumtazama mwenye nyumba. Aliinama jikoni, akapitisha brashi kwenye tofali, akapiga chafya.

"Mama, samahani. Huu mfereji una maji."

"Ndiyo, mwanangu. Maji yenye povu. Asubuhi, adhuhuri na jioni."

"Kutoka wapi? Mji umekufa miaka elfu nne."

Kesarbai akafunga mkaja wake kiunoni, akakaa kwenye kigoda. Alikuwa na hasira, lakini hasira yake ilikuwa ya fundi: haikumwaga kitu. "Wewe ndiye uliyesoma," akasema. "Mimi ninachojua, maji machafu hayapandi mlima. Yananukia waridi. Ufuate huo mfereji, mwanangu, ufukue tofali kwa tofali, halafu uje unieleze na mimi."

Naam. Vasudha akaufuata. Si kwa ubaya. Watu wa kazi yake wakiona mfereji hawawezi kuuacha, kama paka na uzi. Siku ya kwanza akafukua hatua kumi, ya pili ishirini. Mfereji ulikuwa umenyooka, matofali yote ya kipimo kimoja, hakuna hata moja lililolegea. Siku ya nne ukavuka ukuta wa bustani ya Jemadari. Siku ya tano ukapita chini ya ngazi za marumaru. Siku ya sita Vasudha akatokea, kichwa na brashi, katikati ya hamamu, Mtukufu akiwa amejipaka povu mpaka masikioni.

Ikajulikana basi. Mafundi wa kasri walikuwa wamelipwa fedha za kujenga mfereji mpya. Fedha wakala, wakatoboa sakafu tu mpaka kwenye mfereji wa kale, wakauachia kazi. Na ule mfereji uliojengwa na watu wasio na mfalme ukamchukulia Jemadari uchafu wake miaka kumi na tisa, kimyakimya, bila kuvuja. Chini ya vyumba vyote arobaini kulikuwa na matofali ya kale, na michoro, kama kawaida, ilishapelekwa kwa Baraza.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Kwa binadamu, mawaziri kumi na wawili walikutana wakiwa wamekunja nyuso. Sheria ifutwe? Kiapo kimeliwa, nakala iko kwa Baraza, wajumbe wanafika kesho; akiifuta leo atachekwa dunia nzima. Ahame? Jemadari, aliyekuwa amewahamisha watu kwa maelfu, alipolisikia neno hilo alishika mkono wa kiti kwa nguvu. Alisema hapa ndipo alipozoea. Alisema mtu hawezi kung'olewa tu kama kisiki. Alisema kwamba kule kwenye chumvi hakuna upepo. Alikuwa anaumia kweli, na mimi simcheki kwa hilo. Namcheka kwa kuwa ilimpasa kusubiri miaka kumi na tisa ndipo alijue.

Waziri Pitambar akaisoma sheria tena, herufi kwa herufi, akafika kwenye kifungu cha mwisho: ndani ya eneo vitabaki vya kale peke yake. Akanyanyua uso.

"Mtukufu," akasema, "na wewe ukiwa wa kale?"

Kulikuwa na fomu. Daftari la Vya Kale lilitaka majibu matatu: kitu kiwe kimekaa mahali pake muda mrefu; kisiwe na kazi yoyote hivi sasa; na asipatikane mtu wa kueleza kilikuwa cha nini. Mawaziri walijaribu kumtetea bwana wao kwenye swali la pili, kwa adabu, wakitaja kazi zake. Kila mmoja alianza, kisha akakohoa. Mwisho wakaijaza fomu yote, na Vasudha, ambaye wajibu wake ulikuwa kuhakiki tu, akaisoma mara mbili, akasema haoni kosa.

Siku ya saba wajumbe watatu wa Baraza waliingia kasri wakiwa na kibao chao cha shaba. Jemadari alikuwa ameketi kwenye kiti chake, kamba nyekundu imezungushwa mbele yake, na kifuani amening'inizwa kadi: "Na. 4117. Mtawala. Kipindi hakijulikani. Usiguse." Alikuwa ameambiwa avumilie saa moja tu. Mjumbe mmoja akavaa miwani, akasogea, akauliza kama kinapumua. Pitambar akasema ni upepo, hapa juu upo mwingi.

Ndipo Bi Kesarbai akaingia. Vitu vyake alivifunga jana yake usiku, mabunda matatu, yako mlangoni kwake. Alipanda kilima polepole, akapita katikati ya mawaziri, akasimama kwenye kamba, akaikunjua hati yake.

"Mtukufu, siku saba zimetimia. Nimekuja unitilie sahihi niondoke."

Hati ilikuwa halali, na hoteli ya shemeji ilikuwa ikiingoja. Kalamu ilikuwa juu ya meza ndogo, karibu na mkono wa Jemadari. Mkono ukaanza kwenda.

"Akitia sahihi," akasema Vasudha akiwa na daftari mkononi, kwa sauti ya mtu anayesoma tu kilichoandikwa, "basi ana kazi. Nitamfuta. Na akiwa mtu, anakaa juu ya tofali la kale."

Wajumbe wakageuka kumtazama Na. 4117. Mkono ukasimama hewani. Pitambar alikuwa ameziba mdomo kwa leso. Kesarbai akangoja, alikuwa mtu wa kungoja tanuri lipoe, hakuwa na haraka. Miguu ikamuuma, akaubadilisha uzito, akaendelea kuishika hati wazi, isije ikasemwa hakumpa nafasi. Mkono ukarudi taratibu ukalala juu ya goti.

"Basi," akasema Kesarbai, akaikunja hati. "Nitarudi siku utakayoweza."

Akateremka, akafungua mabunda yake, akakoka moto. Kibao cha shaba kiligongomewa ukutani. Ile saa moja ya Jemadari haijaisha bado, maana wajumbe walipenda walichokiona wakaamua Baraza liwe na mtu wake pale daima, na mtu huyo huwa macho. Kila Jumatatu Kesarbai huoga, huvaa vizuri, hupanda kasri na hati yake, huuliza kwa heshima zote kama Mtukufu yuko tayari kutia sahihi. Hungoja kidogo, huteremka. Siku hiyo wageni huwa wengi, na wanaosimama karibu na kamba husifu jinsi macho yale yalivyotengenezwa, utadhani yanaona.