Vidonge Saba vya Mama

Kaka yangu mkubwa alituma chupa nyingine ya vitamini siku ya Jumatatu, na Jumatano kitinda mimba wetu naye akatuma yake. Katika familia yetu, mtu akisema kwenye simu kwamba Mama amechoka, hakuna anayekuja kumwona. Kinachokuja ni chupa. Kaka anaendesha lori masafa marefu, na kila mji anaolala haukosi duka la dawa. Kitinda mimba anafundisha watu mazoezi ya viungo, na kwa imani yake hakuna shida isiyotibika kwa kidonge kikubwa kilichotoka kwenye kopo lenye picha ya matunda. Mimi ndiye ninayeishi na Mama. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wenzangu waliuona hivyohivyo.

Mama ni fundi cherehani. Mapazia ya nusu ya mtaa wetu yamepita mikononi mwake, kwenye cherehani ileile ya kukanyaga kwa miguu. Lakini mwaka huu miguu ilivimba tena. Alisikia baridi mchana kweupe, akajifunga shali ndani ya nyumba, akasinzia sindano ikiwa katikati ya kitambaa. Tulikuwa tunajua ugonjwa wake tangu zamani: tezi ya shingo haifanyi kazi inavyopaswa, na daktari alimpa kidonge kidogo cheupe cha kumeza kila siku, maisha yake yote. Kidonge hicho sasa kilikuwa kimeshaongezwa nguvu mara mbili, na hali ilikuwa palepale.

Alhamisi jioni aliniambia amepata mtu wa kuinunua cherehani, atakuja kuichukua Jumamosi.

"Kazi siwezi tena," alisema. "Inajaza chumba tu."

Nilitaka kulia. Badala yake nikafoka kwamba hakuna cherehani itakayotoka humu ndani, kwamba anakata tamaa kama mtoto, kwamba dawa anapewa kila siku na bado hajitahidi kupona. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akaenda kulala.

Msinifikirie vibaya. Mama nilimjali kuliko wote. Mimi ni mtunza stoo ya vipuri vya magari, na mafundi wa gereji wananiita Bi Seti. Zamani fundi akitaka kutengeneza pampu ya maji alikuja dirishani mara nne: gasketi, boliti, mpira, gundi. Nikaanza kufungasha vitu vyote vya kazi moja kwenye mfuko mmoja. Fundi anachukua seti yake, anaondoka, simwoni tena hadi mchana. Bosi alinisifu mbele ya watu, na mimi sifa nazipenda.

Basi mwaka jana na nyumbani nikaleta utaratibu wangu. Nilichukua kisanduku cha plastiki chenye vyumba, vile vya kuwekea nati, nikakiosha kwa maji moto, nikampangia Mama wiki nzima. Kila chumba asubuhi moja, kila asubuhi seti moja. Kidonge cheupe cha daktari, viwili vya Kaka, vitatu vya kitinda mimba, na baadaye kimoja nilichonunua mwenyewe. Jumla saba. Chupa zilikuwa zinajaza kabati; vidonge vilivyobaki nikavitia kwenye mifuko, zenyewe nikazitupa. Kisha kila siku kabla ya kwenda kazini nilisimama mbele yake, mkoba begani, mpaka avimeze vyote kwa chai ya maziwa.

"Hivi vingine nitameza baadaye, mwanangu."

"Baadaye ndiyo kusahau, Mama. Meza, nachelewa."

Alimeza.

Ijumaa niliomba ruhusa kazini, tukaenda kliniki. Daktari alitazama majibu ya damu, akashusha pumzi, akasugua macho.

"Mama, unatumia dawa nyingine yoyote?"

"Hapana," nikajibu mimi. Mama ukimwacha ajibu, anaanzia mbali, na nje foleni ilikuwa ndefu. Isitoshe, vitamini si dawa, au ndivyo nilivyojua.

Daktari akaandika kidonge kiongezwe nguvu kwa mara ya tatu, akatutuma dirisha la dawa.

Mfamasia alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa uzi mweusi upande mmoja. Alisoma karatasi, akageuka kuangalia ndani ya jalada, akasoma tena.

"Mama, hiki kidonge unakimezaje?"

"Kila asubuhi," nikasema. "Hakosi hata siku moja. Nampangia mwenyewe." Nikatoa kisanduku kwenye mkoba na kukiweka dirishani, kwa majivuno, sitaficha.

"Nilimuuliza yeye," alisema. Lakini alikivuta kisanduku, akafungua chumba cha Jumamosi, akamimina vidonge kwenye trei na kuvitenganisha kwa kijiti.

"Hiki ni nini?"

"Vitamini."

"Ndani kuna nini?"

"Imeandikwa kwenye chupa."

"Chupa iko wapi?"

Mtu nyuma yetu akakohoa kile kikohozi cha kuwaharakisha wenzake.

"Nilizitupa."

"Unafanya kazi gani, dada?"

"Natunza stoo ya vipuri."

"Mtu akikuletea kipuri hakina lebo, hakina boksi, utakipokea?"

Ningemfukuza, na angejuta kunijua. Sikumwambia hivyo.

Aliendelea kusogeza vidonge kwa kijiti. Vitatu, alisema, kwa alama zilizochongwa juu yake anavitambua: vyote ni multivitamini, ila kila kimoja cha kampuni yake. Maana yake Mama alikuwa anameza kitu kilekile mara tatu kila asubuhi. "Na vitamini si maji, kwamba ikizidi utaikojoa yote. Vitamini A inabaki, inajilimbikiza kwenye ini. Hivi vingine sivijui, na wewe huvijui. Lakini tatizo kubwa ni hili hapa." Akaweka kidonge cheupe kando, peke yake. "Multivitamini kama hizi zina madini ya chuma na kalsiamu. Yakikutana tumboni na dawa ya tezi, yanaikamata, haiingii kwenye damu. Daktari anaongeza, nyinyi mnazuia. Anaongeza tena, mnazuia tena."

"Nyinyi nani?" Sauti yangu ilikuwa juu kuliko nilivyotaka.

"Anayepanga kisanduku."

Alifunga dirisha, akaenda kwa daktari na karatasi yetu. Aliporudi, ile dozi mpya ilikuwa imekatwa kwa mstari, juu yake imeandikwa ile ya mwanzo. "Afadhali nimeuliza," alisema. "Angeongezewa leo, kesho mkaacha hizi vitamini, dawa ingemzidi, moyo ungemwenda mbio." Sasa alizungumza na Mama, taratibu, akiandika kwa herufi kubwa: kidonge cheupe peke yake, kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, chai baada ya saa nzima. Vingine vyote aviache kwanza. Daktari akiona kweli anahitaji multivitamini, atameza moja tu, zikishapita angalau saa nne tangu ameze dawa ya tezi. Arudi baada ya wiki sita kupimwa, na akipewa chupa yoyote aje nayo na lebo yake.

Njia nzima nilikuwa nachemka. Nilimkasirikia daktari, nikamkasirikia mfamasia kwa kunisema mbele za watu. Tulipofika nyumbani nilimpigia Kaka kabla sijavua viatu.

"Mnamuua Mama kwa machupa yenu!"

"Taratibu basi," alisema, na nyuma yake nikasikia injini ya lori. "Mimi nilituma moja ianze ile nyingine ikiisha. Nani alisema zinywewe pamoja?"

Nikakata simu.

Mama alikuwa chumbani kwake, ameketi kwenye kiti cha cherehani, anachomoa uzi ili mnunuzi aikute safi. Nilisimama mlangoni. Kukiri kosa kwangu ni sawa na kung'olewa jino, lakini nilisema.

"Usiiuze, Mama. Huumwi zaidi ya zamani. Ni mimi niliyeizuia dawa yako. Si Kaka wala mdogo wangu. Ni mimi."

Aliuacha uzi. Akasema, "Basi nitampigia yule mtu asije."

Hakuonekana kushangaa hata kidogo, na hilo likanikera.

"Mbona kama ulikuwa unajua?"

Alianza kulainisha shali magotini.

"Mwaka jana ulipokwenda kufungua stoo ya lile tawi jipya, ukakaa wiki saba. Nilikuwa nameza kile cheupe tu, alfajiri, nikiamka. Vile vingine nilivimwaga. Miguu ikashuka. Nilishona mapazia ya shule nzima."

Nikakumbuka. Nilirudi nikamkuta anakanyaga cherehani huku anaimba, na nikajipiga kifua: mnaona vitamini zinavyofanya kazi? Wiki ileile nikaongeza kidonge cha saba.

"Ulijua," nikasema. "Mwaka mzima. Umevimba miguu, umekaribia kuuza kazi yako, na ulijua!"

"Nilijaribu kukwambia. Mara mbili." Aliongea akitazama shali. "Ulisema nakata tamaa kama mtoto. Nikaona bora nimeze tu, nyumba itulie."

Damu ikanipanda. Nikavuta pumzi kumuuliza kwa nini hakusema kwa sauti, kwa nini hakuvitupa vile vidonge mbele yangu, mtu mzima kama yeye. Mdomo ulikuwa umeshafunguka nilipomwona: Mama yangu, kwenye kiti chake mwenyewe, ameinamisha kichwa na kukaza mabega, anasubiri nianze.