Jina la Ishirini na Tatu

Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya Juni, Sifis Kandarakis alihudhuria kumbukumbu ya kifo chake mwenyewe. Alinyoa ndevu, akavaa viatu vyeusi, akala ngano ya wafu iliyochemshwa na kuchanganywa na zabibu na sukari, kisha akatoa maoni.

"Mwaka huu mmenibania sukari," aliwaambia wanawake wa kanisa. "Nikifa tena naomba mkumbuke."

Jina lake lilichongwa kwenye marumaru ya ukumbusho, uwanjani, la ishirini na tatu, mwisho kabisa, chini ya wanaume wa kijiji cha Asprolakos waliopigwa risasi na Wajerumani mwaka wa arobaini na moja, majuma mawili baada ya askari wa miavuli kuishukia Krete. Padri alisoma jina moja baada ya jingine, na kila jina liliitikiwa na mtu wa nyumba ya marehemu, mjane au binti au mpwa: "Yupo!" Lilipofika la Sifis, yeye mwenyewe aliinua fimbo na kupaza sauti: "Nipo!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Ni watu waliokuwa wamelia vya kutosha, walihitaji kupumua, na Sifis alijua kuwa kicheko kile ndicho kitu pekee cha maana alichowahi kukipatia kijiji.

Kila mtu alijua jina la mtu hai lilifikaje huko. Orodha ya ofisa wa Kijerumani aliyesimamia mauaji iliokotwa kwenye mizeituni, kila jina na alama yake ya vema, na mchongaji wa mjini alichonga alichopewa. Sifis alikuwa mlimani siku ile, kwenye kibanda cha jibini, akiharisha kwa ulafi wa jibini bichi. Alirudi baada ya majuma matatu, mama yake akazimia mbele ya watu.

"Mjerumani hakosei hesabu," Sifis alipenda kusema mkahawani, glasi ya pombe ya raki mkononi. "Kwa tumbo langu tu ndipo alipokosea."

Hata vita vyenyewe alivisimulia kwa kujidhihaki. Wengine walipokuwa wakipambana na miavuli kwa magobori na mundu, yeye alimkuta askari amening'inia kwenye mzeituni, akamrukia kwa ukelele, akagundua kuwa ameshakufa, akamwomba radhi. Hilo lilikuwa pigano lake lote. Akaondoka na hariri ya mwavuli, na mama yake, aliyekuwa hatupi kitu, akamshonea chupi mbili.

Mwaka huo, wa arobaini na nne tangu mauaji, baridi ya milimani ilikuwa imeipasua marumaru, na ikaamuliwa ichongwe mpya. Alhamisi kabla ya kumbukumbu, Padri Manousos, kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinajifunza kuota, alimkuta Sifis chini ya mzabibu wa uani, akinoa kisu cha jirani kwenye gurudumu kuukuu la kukanyagia kwa mguu. Sifis alinoa visu vya kijiji kizima na hakupokea hata yai kwa kazi hiyo. Watu walisema ana kichaa kidogo, wakaleta visu.

"Mzee Sifis, nimekuletea habari njema," padri alisema. "Mchongaji anaanza Jumatatu. Tunakutoa kwenye jiwe."

Gurudumu likasimama.

"Niacheni hapo hapo."

"Lakini mzee, uko hai!"

"Umri huu? Subirini miaka miwili mitatu, msijisumbue."

Garifalia, mkewe, alitoka jikoni na kitambaa mkononi. "Mwoneni! Watu wanaogopa kufa, huyu wangu anaogopa kufufuka. Usimsikilize, padri. Ni majivuno tu. Pasipo jiwe lile hana pa kuchekeshea."

"Na mahali pangu mtaweka nani?" Sifis aliuliza.

"Hakuna mtu. Yatabaki majina ishirini na mawili, kama walivyokuwa wenyewe."

Padri alikunywa kahawa yake, akaaga. Sifis alirudi kwenye kisu cha jirani, akakinoa mpaka karibu akimalize. Walikuwa ishirini na watatu. Katika Krete nzima ni yeye peke yake aliyejua, na jina lake lile la kipuuzi kwenye jiwe ndilo lililokuwa alama pekee ya mtu wa ishirini na tatu. Likitolewa, yule mtu angekuwa hakuwahi kufa, wala kuishi.

Hapakuwa na jibini. Kulikuwa na mtungi.

Alfajiri ile askari walipokizunguka kijiji, habari zilienea mlango kwa mlango kwamba atakayekutwa na kitu cha askari wa miavuli atauawa. Sifis, kijana wa miaka ishirini na miwili, alikuwa ndani ya chupi ya hariri ya Kijerumani. Mtu mwenye akili angeivua akaitia motoni. Yeye aliingia nayo kwenye mtungi mkubwa wa mafuta ya zeituni uliokuwa mtupu, akajifunika kifuniko. Wanaume ishirini na watatu walipigwa risasi siku ile, na hakuna hata mmoja aliyekaguliwa chupi.

Uani alikuwapo mgeni, Prodromos, mnoa visu mwenye jino la dhahabu, mkimbizi wa kutoka ng'ambo kwa Waturuki, aliyezunguka vijiji na gurudumu lake mgongoni. Alikuwa amelala kwao siku mbili. Jina lake halikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Ofisa alisimama mlangoni, mkalimani akasoma jina kamili la Sifis: "Iosif Kandarakis!" Na akaongeza kwamba nyumba isiyomtoa mwanamume wake itachomwa pamoja na waliomo.

Mama yake alinyamaza. Sifis, ndani ya mtungi, alinyamaza. Kisha akasikia sauti ya mgeni, ya kawaida kabisa, kama ya mtu aliyeitwa kuja kula:

"Nipo."

Mama ndiye aliyemweleza baadaye maneno aliyonong'onezwa na Prodromos wakati akijifuta mikono. "Watatupeleka kutengeneza barabara, siku mbili tu. Huyo mwanao hajui hata kushika sururu. Mwambie anilindie gurudumu."

Kwa miaka mingi Sifis alijiambia kwamba alitaka kutoka, ila alikwama. Ndiyo, alikwama! Mabega yalimkwamia. Siku moja, akiwa na miaka hamsini, aliutazama ule mtungi akacheka peke yake hadi akakaa chini. Mtungi wa mafuta! Ungeweza kumchomoa kwa vidole viwili. Na risasi zilipokoma alitoka mwenyewe, bila msaada wa mtu, akateleza kama samaki mpaka mlimani.

Wanawake walikuwa wamefungiwa kanisani. Walipofunguliwa walipewa saa moja ya kuzika, shimo moja, na hakuna aliyekuwa na macho ya kuhesabu. Mnoa visu walidhani amekwenda zake, kama wanoa visu wote. Sifis aliporudi na hadithi ya jibini, watu walicheka kwa mara ya kwanza tangu mauaji, na kicheko kile kilimfunga mdomo. Mama yake alikufa bila kusema.

Jumapili ilifika. Sifis alinyoa, akajikata mara mbili. Garifalia alimbandika kipande cha karatasi kidevuni.

"Mbona unajikatakata? Hii ndiyo mara yako ya mwisho kufa, jitahidi upendeze."

Uwanja ulijaa. Padri Manousos akasoma. Bibi Argyro, mwenye miaka sabini na ushee, alimwitikia mumewe aliyekufa akiwa na ishirini na tisa, na sauti yake haikutikisika. Majina ishirini na mawili yakapita.

"Iosif Kandarakis."

Vichwa vikageuka, meno nje. Fimbo haikuinuka.

"Kalala!" mtu akasema, na wakacheka kidogo ili kumsaidia.

"Sipo," Sifis alisema. "Na siku ile sikuitika. Nilikuwa kwenye mtungi wa mafuta, nyumbani. Mlimani nilikwenda baadaye. Jibini ni uongo."

Kicheko kingine, cha wasiwasi. Sifis, kwa mazoea, aliingojea nafasi ya kuongeza mzaha, akajichukia kwa kuingojea. Akapiga moyo konde, akaeleza yote: chupi, orodha, nyumba itakayochomwa, na mgeni aliyesema "Nipo" kwa jina lisilo lake. Alipotaja chupi wawili watatu walicheka. Alipomaliza hakuna aliyekuwa akicheka. Garifalia alikuwa amemkodolea macho kama mtu aliyekuta mlango mpya ndani ya nyumba yake.

Bibi Argyro ndiye aliyesema kwanza. "Yule mwenye jino la dhahabu? Aliyeninolea mkasi?"

"Huyo huyo, mama."

"Alikuwa mwana wa nani?"

"Sijui. Najua Prodromos tu. Alitunolea visu kijiji kizima, na hakuna aliyemuuliza jina la baba yake. Hata mimi niliyekunywa naye."

Argyro aliitazama marumaru iliyopasuka, akaitazama mikono yake.

"Basi miaka yote hii," alisema polepole, "ulipokuwa ukiitika, sisi tulikuwa tukimcheka yeye."

Sifis alikuwa ameandaa maneno tangu Alhamisi, hata mzaha mmoja mzuri wa kumalizia. Akaumeza. Alikuwa ameliiba neno la mwisho la mtu, akalifanya kichekesho mara arobaini na tatu, kwa fimbo na madoido. Aibu ilimpanda hadi masikioni, na hakuitafutia dawa.

Padri alitoa kalamu mfukoni, akaandika kitu chini ya karatasi, akarudi kusimama vizuri.

"Prodromos," akasoma. "Mnoa visu."

Desturi ilitaka aitikiwe na mtu wa nyumba yake. Watu walitazamana. Nyumba ya mwisho aliyolala ilijulikana sasa.

"Yupo," Sifis alisema kwa sauti ya chini.

"Sijasikia," Bibi Argyro alisema. "Paza. Kila mwaka sauti unayo."

Sifis akainua fimbo, kisha akaona haifai, akaishusha.

"Yupo!" akapaza, na akapaza tena, na tena, mpaka Garifalia akamshika mkono akamkalisha.