Theluthi ya Finjani

Katika ngome ya Sidra, mtoto wa kwanza wa mtawala hurithi kiti, na wa pili hurithi dele la kahawa. Sheria hiyo haikuandikwa popote na hakuna aliyeisahau. Dhiyab alizaliwa mwaka mmoja baada ya kaka yake Ghanim, na mwaka huo mmoja ukamaliza maneno yote.

Alikuwa mtoto mdogo bado alipoanza kusimama barazani, dele mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia. Siku ya kwanza, kwa kutaka kumfurahisha kaka yake, aliijaza finjani hadi ukingoni. Baraza zima likaangua kicheko. Ghanim, aliyekaa ubavuni mwa baba yao, aliitazama ile kahawa akasema, "Mdogo wangu, unanifukuza?" Maana mgeni humiminiwa theluthi ya finjani, na akitaka zaidi huongezwa. Ukimjazia, umemwambia anywe aende zake. Dhiyab aliona haya mpaka masikio yakawaka moto, na kosa hilo hakulirudia.

Wakakua hivyo. Ghanim kakaa, Dhiyab kasimama. Ghanim anafundishwa kuamua kesi za visima na malisho, Dhiyab anasikiliza huku akisuuza finjani. Si kwamba alionewa. Alikula alichokula kaka yake, na walipokuwa peke yao kule mitendeni walipigana mieleka mpaka mmoja aombe basi, na mwombaji mara nyingi alikuwa Ghanim. Ila katika nyumba ya watawala mdogo huwekwa kama tairi la akiba la Landrova: lifutwe vumbi, lijazwe upepo, lisiende popote peke yake. Baba yao alipofariki, Ghanim alikaa kwenye mto wa baba, na Dhiyab akamimina.

Taabu ilianzia kwa Shamsa, binti wa ami yao Buti. Dhiyab alimpenda, Shamsa naye alimtaka, na jambo hilo lilijulikana mpaka jikoni. Lakini Ghanim alikuwa na mabinti watupu, na desturi ya nyumba ile ni kwamba mdogo haoi kabla mkubwa hajapata mrithi wa kiume. Mdogo akitangulia kupata mwana, watu huanza kunong'ona, na minong'ono ya Sidra iliwahi kumwaga damu zamani. Basi kila Dhiyab alipogusia habari ya kuoa, alipewa jibu lile lile.

"Subiri, mdogo wangu. Mke wangu mjamzito."

"Mwaka jana pia alikuwa mjamzito, kaka."

"Na mwaka huu pia. Mimina kahawa."

Mwishoni mwa kiangazi akatokea mposaji kutoka Bahreni, mfanyabiashara mwenye meno mazuri na mali isiyo na maswali. Alhamisi moja asubuhi Ami Buti alimvuta Dhiyab pembeni.

"Mwanangu, mimi nakutaka wewe. Lakini binti simtii chumvi kama samaki nikamweka. Kesho Ijumaa namjibu yule mtu. Ukiwa na la kusema, liseme leo."

Njia ilikuwapo. Mgeni mwenye haja kubwa huipokea finjani yake, asinywe, akaiweka chini kwenye zulia mbele ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba akiwa ana haya yake, hamwachi mtu akaangalia kahawa inapoa. Humwambia, "Kunywa, haja yako imekwisha," hata kabla hajaisikia. Na mtu pekee pale Sidra asiyeweza kuitumia njia hiyo alikuwa Dhiyab, kwa sababu mmiminaji hana finjani. Yeye hunywa mwisho, jikoni, kwa kusimama.

Asubuhi ile ile, baraza limejaa, Dhiyab aliliweka dele kwenye makaa, akatoka kwa mlango wa nyuma na kuuzunguka ukuta. Akaingia kwa mlango wa wageni, akavua makubadhi, akatoa salamu, akakaa karibu na mlango, mahali wanapokaa watu wasiojulikana. Watu waliitikia kwa sauti ndogo.

"Dhiyab," alisema Ghanim, "umechoka?"

"Nimekuja kama mgeni, Sheikh."

Hakuwahi kumwita hivyo. Ami Buti akainamisha kichwa, akajishughulisha na tasbihi yake.

Mgeni haachwi bila kahawa, na kumpa mtumishi dele ammiminie ndugu wa mtawala ingekuwa matusi. Wazee wawili watatu walianza kujiinua. Ghanim akawatuliza kwa mkono, akainuka mwenyewe. Alilishika dele kwa mkono wa kulia. Mtu akakohoa. Ghanim akajitazama, akabadilisha mikono, na Dhiyab akamwonea huruma kweli kweli. Kisha kahawa ikaanza kumiminika, ikaendelea kumiminika, na Dhiyab alipoipokea finjani ilimchoma vidole. Akaiweka kwenye zulia polepole isimwagike.

"Kunywa kahawa yako."

"Sinywi mpaka nipate nilichokijia."

Ghanim alikuwa bado amesimama, na mdogo wake amekaa. "Kunywa, haja yako imekwisha. Ni Shamsa?"

"Ni Shamsa."

"Mchukue. Mahari juu yangu. Ami, umesikia?"

"Nimesikia," alisema Ami Buti.

Baraza likashusha pumzi. Mzee mmoja akamnong'oneza jirani yake, kwa mnong'ono wa viziwi, "Ule mjazo msameheni. Hajawahi kumimina, kipimo atakijulia wapi?" Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Dhiyab aliinua macho.

"Umeijaza, kaka," alisema kwa sauti ya chini.

"Nimeijaza."

Dhiyab akainywa yote. Aliipika mwenyewe alfajiri, na hakuwahi kujua kwamba ni chungu kiasi kile. Alifurahi, na furaha yenyewe ilimuuma. Aliposimama aliona finjani za watu zimekauka, na kwa mazoea akanyoosha mkono alipokee dele. Ghanim akalisogeza upande wa pili.

"Mgeni hamimini," alisema, tena kwa upole.

Mlangoni Dhiyab aliinama kuvaa makubadhi, akageuka mara moja. Kaka yake alikuwa amefika kwa Ami Buti, dele mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, na kahawa ndani yake ilikuwa theluthi, haikuzidi hata tone.